Tuzo ya Makala ya Kwanza

Habari ya tuzo ilimfika Profesa akiwa amevua viatu chini ya meza, anasahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza huku akiguna peke yake. Katibu muhtasi wa idara, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliingia bila hodi.

"Umeshinda! Wamepiga simu sasa hivi. Tuzo kuu ya uchumi!"

"Nani kashinda?"

"Wewe, nani mwingine? Simama basi, mama, mbona unanikodolea macho kama nimekuletea msiba?"

Profesa alisimama pekupeku, akakumbatiwa mpaka miwani ikapinda. Walimu wenzake wakajaa mlangoni, hata wale waliokuwa hawamsalimii mpaka wakutane naye uso kwa uso kwenye ngazi. Alipofika nyumbani, mumewe, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuwa akitembea kwa mkongojo tangu alipopooza upande mmoja, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Kazi ninayo. Ndiyo kwanza nimezoea kuitwa mume wa Profesa. Sasa itabidi nijifunze jina jipya."

Walicheka. Usiku huo alilala usingizi mzito. Hakuuliza tuzo ile ilikuwa ya kazi gani hasa, kwa sababu alidhani anajua.

Alikuwa binti wa fundi cherehani, mtoto wa mwisho katika nyumba iliyojaa vipande vya vitambaa, na kichwa chake kilikuwa chepesi kwa hesabu tangu utotoni. Alisoma kwa kujibana, akafika chuo kikuu, akaajiriwa katika idara ambayo wanaume wote walikuwa wakiandika juu ya benki na biashara za nje. Yeye akasema anataka kuchunguza soko. Si soko la mitaji. Soko lenyewe, la watu kupanga bidhaa chini na kuita wateja. Wenzake walimcheka waziwazi. Wakaita kazi yake uchumi wa nyanya, na kwenye vikao wakawa wanamwachia yeye birika la chai, amimine.

Yeye alikwenda Soko Kuu, pale nyuma ya stendi, akaketi kibandani kwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiuza viatu vya mtumba. Wifi huyo alikuwa na mdomo mkali na moyo mweupe, na hakumwonea haya hata kidogo.

"Umesoma mavitabu yote yale, wifi, kumbe ulikuwa unatafuta njia ya kuja kula vumbi na mimi?"

"Nimekuja kukuangalia usimwibie ndugu yangu yeyote."

"Ndugu zako hawana hela ya kuibiwa. Sogea huko, unazuia wateja."

Miaka ilipita akiwa anaketi pale kila alipopata nafasi, akiuliza na kusikiliza. Alitaka kujua kitu kimoja: watu wasio na mikataba wala mawakili wanaaminianaje? Mbona muuza vitunguu anaondoka kwenda hospitali na kumwachia jirani kibanda chake bila hofu, na akirudi anakuta kila kitu kiko sawa? Jibu aliloliandika katika makala yake ya kwanza lilikuwa zuri, na hesabu zake zilikuwa safi. Alisema kuaminiana huko kumo ndani ya watu wenyewe. Mfanyabiashara hubeba kuaminiwa kwake popote aendako, kama anavyobeba nguo zake. Makala ile ilisomwa vyuo vingi, ikampa uprofesa, na birika la chai likahamia kwa mtu mwingine.

Ndipo akaja Mkia. Jina hilo walimpa wanafunzi wenzake, kwa sababu Profesa alikoingia naye aliingia, alikotoka naye alitoka, amembebea vitabu vyake kifuani. Alikuwa kijana yatima, mwembamba, mwenye akili inayokata. Profesa, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpenda tangu insha yake ya kwanza. Alimsimamia masomo yote mpaka udaktari. Mkia akawa anakula kwake, anacheza drafti na mumewe na kugombana naye kwa sauti kubwa, anamwita "Mama" bila kuona aibu mbele ya watu.

Mwaka mmoja mafuriko yalilikumba soko dogo la bondeni, na wafanyabiashara wake wakahamishiwa kiwanja kipya nje kabisa ya mji. Profesa alifurahi kimyakimya, kama daktari anavyofurahia ugonjwa adimu: sasa atauona ukweli wa makala yake kwa macho. Yeye na Mkia waliwafuata watu wale. Walikwenda kwa miguu kwenye matope, mvua na jua, wakirudi kwa watu walewale tena na tena. Siku moja Mkia aliteleza kwenye mtaro akavunjika kifundo cha mguu. Profesa alimbeba mgongoni mpaka barabarani, yeye mwenyewe na umri wake, huku kijana akilia na kucheka kwa pamoja. Akamlaza sebuleni kwake mpaka akapona.

Walichokikuta kilimvunja nguvu. Watu walewale, wenye sifa zilezile, walikuwa hawaaminiani tena. Wamepangwa upya kwa namba, kila mtu kando ya mgeni. Hakuna aliyejua jirani yake anaishi wapi wala ana watoto wangapi. Muuza samaki akiugua, kibanda kinafungwa, samaki wanaoza. Mmoja mmoja waliondoka, na wengi hawakurudi kwenye biashara yoyote. Kumbe kuaminiana hakubebeki. Kulikuwa pale, katika ukaribu wa vibanda, katika miaka ya kuonana kila asubuhi. Ukiwatawanya watu, umevunja kuaminiana kwao.

Profesa aliandika makala ya pili, akikanusha ya kwanza bila kujionea huruma. Alikuwa na fahari nayo kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Lakini wiki aliyoimaliza ndiyo mumewe alipoanguka bafuni, akaamka nusu ya mwili haimsikii. Mkia wakati huo alikuwa ndiye mhariri wa jarida la chuo.

"Niachie mimi, Mama," alimwambia kwenye benchi la hospitali, amemshika mkono. "Nitaituma kwa wataalamu waipitie, nitashughulika na kila kitu. Wewe muuguze Mwalimu."

Alimwachia. Kila alipoulizia aliambiwa wataalamu bado wanaisoma. Baadaye akaambiwa jarida limesimama kwa kukosa fedha. Mumewe alikuwa anajifunza upya kushika kijiko, na nani angekuwa na moyo wa kufuatilia jarida? Mkia naye akaondoka chuoni, akachukuliwa wizarani kuwa mshauri. Profesa akasema moyoni kwamba iko siku ataitoa mwenyewe. Siku hiyo ikawa inasogea mbele.

Sherehe ya tuzo ilifanyika kwenye ukumbi wenye mazulia mazito na viyoyozi vya kugandisha damu. Profesa alivaa gauni aliloshonewa makusudi, mumewe akavaa suti iliyokuwa inamning'inia. Mkia aliketi safu ya mbele, karibu na waziri, amenenepa kidogo, tai imemkaa sawasawa. Alimpungia mkono, na Profesa akajisikia kama mama aliyekuja kwenye mahafali ya mwanawe, ingawa sherehe ilikuwa yake.

Waziri alimkabidhi tuzo, kipande kizito cha kioo, akageukia kamera.

"Profesa wetu ametufundisha jambo kubwa," alisema. "Ametuthibitishia kwa sayansi kwamba mfanyabiashara mdogo hubeba mtaji wake wa kuaminiwa popote aendapo. Kwa kuzingatia utafiti huo tunaouenzi leo, serikali imeamua kulihamisha Soko Kuu kwenda eneo jipya, kabla ya mvua kuanza."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Profesa alisimama na kioo chake mkononi, tabasamu limemkauka usoni. Kwanza alidhani hakusikia vizuri. Akamtafuta Mkia kwa macho. Mkia alikuwa ameinamia simu yake.

Aliitwa aseme neno. Hotuba yake ilikuwa imeandikwa tayari, fupi, ya shukrani tupu. Aliifungua karatasi, na kwa sababu hakuweza kufikiri kitu kingine aliisoma kama ilivyo. Alimshukuru mumewe. Alimshukuru wifi yake. Alimshukuru, kwa jina na kwa mapenzi, kijana aliyekuwa mwanawe wa kitaaluma. Akashuka jukwaani akipigiwa makofi.

Garini mumewe hakutania. "Ile ndiyo makala uliyoikataa," alisema polepole, kwa ulimi wake mzito.

"Ndiyo."

"Na yule mtoto anajua."

Profesa aligeuza uso dirishani.

Asubuhi wifi yake alikuja kabla hawajanywa chai. Alisimama mlangoni na khanga kichwani, akakataa kiti.

"Nimekuona kwenye televisheni," alisema. "Umependeza."

"Wifi, ngoja nikueleze."

"Umenitaja. Watu wote pale sokoni wamesikia umenitaja. Wananiuliza, shoga, wifi yako alikuwa anakaa hapa miaka yote ile kumbe anatupima kaburi? Niwajibu nini?"

"Si mimi niliyesema mhamishwe! Nilishaandika kwamba haifai, nilishakanusha!"

"Jana ulikanusha? Nilikuwa nakuangalia, hukukanusha. Ulisema asante." Aligeuka kwenda zake. "Haya. Hongera, Profesa."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe katika ukoo ule. Siku zote ilikuwa wifi, hata wakigombana. Profesa aliketi akashika tama, na chai ikapoa.

Wizarani walimkalisha kwenye korido ndefu mpaka mchana. Ofisi ya Mkia ilikuwa na zulia, jokofu dogo, na kwenye rafu kitabu cha Mkia mwenyewe kilichomjengea jina, nakala kadhaa, migongo imeelekezwa mbele. Alimpokea kwa mikono miwili, akamvutia kiti.

"Mama. Ungenipigia, ningekufuata nyumbani."

"Makala yangu ya pili iko wapi?"

Mkia alikwenda kufunga mlango, akakawia kurudi mezani.

"Hukuituma kwa wataalamu," Profesa alisema.

"Sikuituma."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unajiharibia, Mama. Mtu habomoi nyumba yake kwa mikono yake. Makala ile ya kwanza inasomwa kila mahali. Na kitabu changu, udaktari wangu, kazi hii, vyote vimesimama juu yake. Ungeitoa ile nyingine tungebaki na nini, mimi na wewe?"

"Tungebaki na ukweli."

"Ukweli!" Alicheka kidogo, bila furaha. "Kiwanja cha Soko Kuu kina wenyewe tayari. Wangehamishwa tu, uandike usiandike. Nilichofanya mimi ni kuhakikisha kwamba wewe angalau unapata kitu. Kamati ya tuzo, mwenyekiti wake ni mimi. Unadhani nani alilipeleka jina lako? Wenzako wa idara? Wale waliokuwa wanakumiminisha chai?"

Hapo ndipo ilipomwingia sawasawa. Furaha yote ya siku zile, kukumbatiwa, simu za pongezi, gauni, vilikuwa vimepangwa na mtu mmoja aliyehitaji jina safi la kubandika juu ya jambo chafu. Alivikwa kilemba cha ukoka mbele ya watu wote, na aliyemvika alikuwa mtoto aliyemlisha mwenyewe.

"Umenifanyia mimi hivi," alisema. "Mimi."

"Nimekufanyia wema, siku moja utaona."

Profesa alisimama. Mkia alinyoosha mkono kumshika kiwiko kama alivyozoea. Aliukwepa.

Wafanyabiashara walikimbilia mahakamani, na wakili wao kijana, aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa mwaka mmoja tu, akaja kumwomba atoe ushahidi. Alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Mkuu wa idara alimwita faragha akamsihi awe na busara, chuo kinategemea serikali, si vizuri mshindi wa tuzo kuonekana anaitemea mate. Wenzake waliojua habari ya makala ya pili, waliomsikia akiifundisha darasani mwaka hadi mwaka, wote waliingia mitini. Mmoja aliumwa ghafla. Mwingine alisafiri. Mwingine alimwambia kwa upole kwenye ngazi kwamba ana watoto wanaosoma.

Chumba cha mahakama kilikuwa cha joto na kimejaa. Wanawake wa sokoni walibanana kwenye mabenchi ya nyuma, wifi yake akiwa katikati yao, uso mkavu. Profesa alieleza yote kwa lugha nyepesi: soko la bondeni, watu waliotawanywa, biashara zilizokufa. Kisha wakili wa serikali akainuka, mtu mpole, karibu anatia huruma.

"Profesa, hii unayoiita makala ya pili imechapishwa wapi?"

"Haijachapishwa."

"Imepitiwa na mtaalamu yeyote?"

"Haikufikishwa kwa mtaalamu."

"Kwa hiyo ni maoni yako binafsi, uliyoyakumbuka baada ya kupokea tuzo kwa maoni kinyume chake."

"Si maoni. Nilikwenda nikaona. Na sikwenda peke yangu." Alimnyooshea kidole Mkia, aliyekuwa ameketi upande wa wizara. "Muulizeni huyo. Tulikuwa wote."

Jaji alimtaka Mkia asimame. Akala kiapo kwa sauti thabiti. Wakili wa wafanyabiashara akamsogelea.

"Ulishiriki utafiti wa soko la bondeni pamoja na Profesa?"

"Nikiwa mwanafunzi nilimsindikiza sehemu nyingi."

"Nauliza soko la bondeni. Mlikwenda baada ya mafuriko, mkakuta watu hawaaminiani tena, biashara zimekufa. Ndivyo?"

Profesa hakumwangalia kama shahidi; alimwangalia kama alivyokuwa akimwangalia zamani anapofanya mtihani, akimwombea moyoni. Sema, mwanangu. Sema hata nusu yake. Aliona mguu ule, uliowahi kuvunjika, unavyosimama kwa kuegemea kidogo upande.

"Sikumbuki utafiti wa namna hiyo," Mkia alisema.

Kutoka mabenchi ya nyuma mwanamke mmoja alisonya kwa nguvu, jaji akagonga meza. Profesa hakusikia maswali yaliyofuata. Kule wizarani alikuwa bado na hasira, na hasira inasaidia. Sasa hata hiyo haikuwepo. Ofisini Mkia alimnyang'anya makala. Hapa alimnyang'anya siku zenyewe, matope, mvua, mgongo wake ulioumia, kicheko cha barabarani. Akazifuta kama hazikuwahi kuwepo, na alizifuta kwa kiapo.

Jaji alisema ushahidi wa Profesa ulikuwa wa dhati lakini hauna wa kuuthibitisha, na mipango ya mji ni kazi ya serikali. Kesi ikatupwa.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, wanawake walimpita kimya. Wifi yake alisimama ngazi moja chini yake, akawa anafunga upya khanga yake bila sababu.

"Yule mtoto," alisema hatimaye, "nilikuwa namwekea chakula. Anakuja na wewe, anakula, anaomba na maji ya kunawa, ananiita shangazi." Akatikisa kichwa. "Hakumbuki!"

"Nisamehe."

"Sijui, wifi. Mimi bado nina uchungu, sitaki kukudanganya. Kwenye sherehe ungesema lile la leo, pengine wangeona haya." Akamaliza kufunga khanga. "Lakini leo umesema. Twende, kaka yangu atakuwa hajala."

Soko lilihamishwa kabla ya mvua. Yaliyotokea kule yalikuwa yaleyale ya bondeni, ila kwa watu wengi zaidi. Wifi alivumilia msimu mmoja kati ya majirani asiowajua, kisha akafunga, akawa anauza viatu kwenye baraza ya nyumba yake, kidogokidogo. Walikuwa wakionana Jumapili. Walikuwa wakicheka tena, ingawa kulikuwa na mambo ambayo hawakuyagusa, na wakati mwingine katikati ya kicheko mmoja wao alinyamaza na mwingine akajua kwa nini.

Profesa aliirudishia kamati kioo chao kwa mkono wake, akaanza upya kwenda kwenye soko jipya, mvi zimejaa, na wanafunzi wawili wasiompenda sana lakini wanaoandika kila kitu. Baadhi ya wanawake walimfukuza. Wengine walimpa ndoo akalie. Makala ya pili ilichapishwa hatimaye katika jarida dogo lisilosomwa na mawaziri. Ilinukuliwa na watu wachache, mmoja wao kwa ukali.

Mkia alipanda cheo. Aliandika gazetini kwamba mwalimu wake ni mtu mnyenyekevu kupindukia, anayejitilia shaka bila sababu, na kwamba taifa litamkumbuka kwa kazi yake kubwa ya ujana. Aliandika kwa mapenzi, na hayo mapenzi ndiyo yaliyomchoma Profesa kuliko tusi. Kila siku yake ya kuzaliwa Profesa alipokea ujumbe wa Mkia kwenye simu: Heri ya siku yako, Mama. Natumaini Mwalimu anaendelea vizuri.

Mwaka jana mumewe alimkuta jikoni ameushikilia ujumbe huo, sufuria inachemka mpaka inamwagika.

"Mjibu basi, au ufute," alisema, akinyoosha mkongojo kuzima swichi ya jiko.

"Nitajibu nini?"

"Mwambie Mwalimu haendelei vizuri. Mwalimu hana wa kucheza naye drafti."

Profesa alicheka, halafu uso ukamkunjika, akalia pale pale mbele ya sufuria kama mtu aliyefiwa. Kwa miaka yote alikuwa amewaambia watu kwamba anamchukia Mkia, na chuki ilikuwepo, ya kweli, haijapungua. Hisia aliyoificha ni hii nyingine: kila akikutana na wazo jipya, mtu wa kwanza anayetaka kumweleza bado ni yuleyule. Mumewe alimwekea mkono wake mzima begani, akasimama naye mpaka akanyamaza. Ujumbe haukujibiwa, wala haukufutwa.